Figa la Chuma

Mama amenunua jiko la gesi. Aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, kisha akaongeza kwamba jiko la nje linabomolewa, mabati yake yanakwenda kwenye banda la kuku, na kama kuna kitu changu humo nije nikichukue kabla ya Jumamosi. Nikamwambia sina kitu jikoni kwake. Akasema, "Haya," akakata. Mama hakai na simu mkononi, kama asivyokaa na kitu kingine chochote.

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la Mkata. Nimefika umri ambao wenzangu wamejenga na kutulia, lakini mimi nikikaa mahali saa moja, mguu unaanza kutikisika wenyewe. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliuvumilia mpaka Chalinze, ndipo akaniuliza kwa upole kama nataka dereva asimame nichimbe dawa. Nikamwambia hapana, mama, huu nimeurithi.

Nyumbani niliwaamkia wazee, baba akiwa kwenye kigoda chake, mama akifagia uwanja ambao ulikwisha kufagiliwa, nikaingia jikoni moja kwa moja. Mafiga yalikuwa pale pale. Mawili ni mawe ya kawaida. La tatu ni chuma, kina mikono minne mifupi iliyoungana kwenye mdomo mmoja, cheusi kwa masizi ya miaka yote hiyo. Watu wa gereji hukiita menifodi. Hukaa ubavuni mwa injini, kila mkono ukipokea moshi wa silinda yake, kisha moshi wote hutokea kwenye mdomo ule mmoja na kuingia kwenye bomba la ekzosi. Nilichutama, harufu ya kutu iliyoungua ikanipanda puani. Nilimdanganya mama kwenye simu. Kitu changu kilikuwemo.

Babu, baba yake mama, alikuwa dereva kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Alipostaafu alipewa pikapu ya shamba, gari la zamani hata kwa wakati ule, lenye taa za mviringo na kiti kimoja kirefu cha mbele. Katika watoto wake wote ni mama peke yake aliyemfundisha kuendesha, katikati ya mistari ya mkonge, Jumapili baada ya Jumapili. Babu alipofariki gari likaja kwa mama. Injini yake ya petroli ilikuwa imetangulia kufa, kwa hiyo lilikuja likivutwa, likawekwa nyuma ya nyumba yetu Mkata, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Baba ni mkulima, na hajapata kuwa kitu kingine. Anaweza kukaa akiyatazama mahindi yake kuanzia adhuhuri hadi alasiri, akainuka ameridhika. Mama aliwauzia abiria wa mabasi mahindi ya kuchemsha na mayai. Kila basi lilipoondoka alilisindikiza kwa macho mpaka lipotee, na beseni likiwa bado kichwani alirudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa na mwenyewe. Ungeweza kupigwa kwa sababu basi la Arusha limepita. "Mama yenu ana miguu ya basi," baba alituambia, tukacheka, mimi na mdogo wangu Hoza aliyecheka kwa kufuata mkumbo tu maana alikuwa hata kusema hajui. Mama hakucheka.

Mwaka mmoja mama aliuza mbuzi wake wote akanunua injini ya dizeli iliyotolewa kwenye kipanya, daladala ndogo, kilichopinduka. Ilishushwa uwanjani kwetu, imefungwa turubai. Bibi, mama yake mama, ambaye alikuwa akiishi nasi, aliizunguka akiipapasa kwa mkono, kwani macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Akauliza hilo dude la nini. Mama akamjibu huku anafunga kanga yake kiunoni: "Gari hili likiwaka, mama, mimi hapa hunioni tena."

"Na watoto?" bibi akauliza.

Mama alichukua ndoo akaenda bombani. Maji yalikuwepo tele, mtungi umejaa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya injini ile nikichokonoa nati, nikasikia swali, na nikasikia kwamba halikujibiwa.

Shule zilipofungwa pikapu ilivutwa na lori la mahindi hadi Manundu, Korogwe, kwa fundi mmoja aliyeitwa Sechonge. Mama alikuwa akienda karibu kila siku, na kwa kuwa Hoza hakukubali kubaki, na mtu wa kumshika Hoza ni mimi, tulikwenda sote. Fundi Sechonge alikuwa mzee mpole, mwenye masikio yaliyokwisha kazi kwa miaka ya kuinama juu ya injini. Ukimwamkia shikamoo alikutazama midomo kwanza ndipo aitikie, "Marahaba, mjukuu." Wanaume waliopita njia walisimama kumwona mwanamke aliyelala chini ya gari lake mwenyewe. Mama aliwaachia watazame. Mle uvunguni ndimo pekee nilimowahi kumwona ametulia.

Siku ya nne au ya tano tulikuta kile kiti kirefu cha mbele kimeng'olewa, kimeegemezwa ukutani. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani na mti wa gia ulichomoza katikati, palepale ambapo watu wangekaa. Fundi alifunga kiti kimoja, cha dereva, alichokitoa kwenye kile kipanya. "Na pembeni je?" akauliza. Mama akasema, "Kwa sasa hiki kinatosha." 

Nilikuwa na miaka tisa, na hesabu nilikuwa naiweza. Gari lenye kiti kimoja ni gari la mtu mmoja. Hoza angeweza kufungwa mgongoni. Mimi nisingefungika mgongoni. Nilikumbuka lile swali la bibi, nikakumbuka pia kwamba wiki ile mama alikuwa amefua nguo zake akazikunja peke yake kwenye mfuko mpya. Sikumwambia mtu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naomba kimoyomoyo fundi akosee, na fundi akawa hakosei.

Alikwama kwenye kitu kimoja tu, na kitu hicho ni menifodi. Ile iliyokuja na injini ilikuwa nzima, lakini mdomo wake ulishukia nyuma, palepale unapopita mti wa usukani wa pikapu. "Hii nikiifunga," Sechonge alisema, "utakuwa unakata kona za kushoto tu." Mama aliulizia kuhamisha usukani, fundi akatikisa kichwa. Njia ya pili ilikuwa yeye mwenyewe kuchomelea nyingine kwa mabomba ya maji ya chuma. Alizitengeneza nyingi za namna hiyo, na alikiri kwamba zinaingia popote lakini ni nyembamba, hupiga kelele kijiji kizima kikajua, na kila baada ya muda hupasuka kwenye viungo. Mama alikataa. "Sitaki kutangazwa," alisema. Fundi alicheka akidhani ni utani. Mimi nilielewa vizuri sana: mtu anayetoroka hataki kelele.

Njia ya tatu ilikuwa kutafuta menifodi ya injini ileile iliyofungwa kwenye trekta. Hiyo mdomo wake uko katikati na unatazama mbele, kwa hiyo usukani unapona. Mama alizunguka Korogwe siku tatu akiuliza. Siku ya tatu muuza vyuma chakavu wa Manundu akasema anazo mbili, mapacha, na mwenye trekta mmoja anangoja itakayobaki. Tukaenda wote, na fundi akiwa mbele.

Hapa lazima niseme habari za vyungu. Bibi alinunua vyungu vyake gulioni Handeni, na kwa kuwa macho yalikuwa yamemtupa, alinifundisha kumchagulia kwa sikio. Unakiweka chungu juu ya ncha za vidole, kisiguse kiganja, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinaimba. Chenye ufa kinasema *ko*, kinanyamaza. "Chungu hakidanganyi," bibi alisema, "anayedanganya ni muuzaji." Nilikuwa sijapata kukosea hata mara moja, na mama alijua, kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa na bibi huyohuyo kabla yangu.

Chuma cha namna ile, Sechonge alieleza, hufa kwa ufa usioonekana. Moto hukitanua, ubaridi hukibana, na ufa hujificha chini ya kutu. Dawa yake ni kukigonga. Akazitundika zote mbili kwenye boriti la banda kwa kamba ya katani, akachukua spana, kisha akasita, akajigusa sikio akicheka kwa haya. Mama akasema, "Rehema atagonga. Huyu ndiye sikio la mama yangu." Wakati huohuo Hoza alinichomoka mkononi akakimbilia njiani kwenye bodaboda, na mama akamfuata mbio. Aliniambia akiwa amenipa kisogo: "Gonga uchague, narudi."

Niligonga ya kwanza. Iliimba mpaka nikaisikia kwenye meno. Niligonga ya pili, ikasema *ko*.

Fundi na muuza vyuma walikuwa wananitazama. Ninachokumbuka ni uzito wa ile spana. Nilifikiri hivi, na bado naweza kuyarudia mawazo yale neno kwa neno: gari likiharibika njiani, mama atarudi, maana hatakuwa na pa kwenda. Nikanyoosha kidole kwenye ya pili. Muuza vyuma alisema, "Zote nzima hizo," fundi akaisogelea akaitazama kwa karibu, akaipapasa, hakuona kitu, akaamini. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni, amembeba Hoza begani, anahema.

"Umechagua?"

"Hii, mama."

Hakuuliza la pili. Muuza vyuma alitaka kijana wake atubebee, fundi naye akanyoosha mikono, nikawakatalia wote. Nilikunja kanga ya mama nikafanya ngata, nikajitwika chuma kile kichwani mpaka gereji, kutu ikinidondokea machoni. Niliona nisipokibeba mwenyewe kitasema. Mama alitembea nyuma yangu njia nzima bila kuongea, jambo ambalo si kawaida yake. Kabla hatujafika, mwenye trekta alikuwa amekwisha kuichukua ile nzima.

Siku tano baadaye gari liliwaka. Tuliitwa asubuhi, mama amevaa gauni la Idi, na ule mfuko mpya wa nguo ukiwa mkononi. Nilikuwa nimekwisha kulia kilio changu nyumbani, chooni. Fundi alifungua mlango wa abiria akaniambia nitazame. Pembeni ya mti wa gia palikuwa na kiti kidogo cha mbao, kimefungwa kwa bolti nne, juu yake gunia la katani limeshonwa likajazwa sufi. Mama alitoa kamba kwenye kifua cha gauni, ina fundo moja, akanipima kutoka goti hadi kisigino. "Nilikupima umelala," alisema. "Panda. Miguu inafika chini?"

Miguu ilifika. Nililia tena, mama akadhani ni furaha, akanipakatisha Hoza.

Ningeweza kusema pale pale. Fundi alikuwepo, spana zilikuwepo. Mara nyingi, nikiwa mtu mzima, nimeirudia dakika ile nikajaribu kufungua mdomo. Lakini mama alikuwa anatabasamu huku anaingiza gia, na mimi sikuwa nimezoea tabasamu lake, niliogopa kuligusa. Ule mfuko ulikuwa na nguo zetu wote watatu na shati la baba. Ilikuwa twende Handeni kwa dada yake, tukajioneshe, na kwenda na kurudi ndiyo ingekuwa kazi yake, kubeba mizigo ya watu kati ya Korogwe, Mkata na Handeni. Alinieleza yote hayo kwa sauti ya juu, anaimba-imba, gari likiteremka kuelekea Segera.

Ufa ulifunguka kabla hatujafika Segera. Kwanza ilikuja sauti, kama mtu anagonga bati chini ya miguu yangu, halafu joto, halafu moshi ukaanza kuingia kwa chini, pale sakafu ilipotobolewa kupitisha mti wa gia. Mama alikuwa anasikiliza injini, uso umekunjamana. Mimi nilikuwa namwangalia Hoza. Alipiga miayo, akalaza kichwa kifuani kwangu, nikamwita, nikamtikisa, shingo ikawa haina nguvu. Nilipiga kelele jina lake na mama akafunga breki gari likiwa bado kwenye lami.

Alimtoa, akamlaza majanini, akampepea kwa kanga, akamnyunyizia maji ya kunywa, akamwita majina yake yote hadi lile la babu. Mimi nilisimama kando. Nilijua nimemuua mdogo wangu kwa kidole kimoja. Kisha Hoza alitapika, akalia, na sijapata kusikia wimbo wowote tangu siku ile unaokaribia kilio kile.

Alipotulia na kuanza kudai chapati, mama alirudi kwenye gari. Alingoja chuma kipoe, akakifungua nati baada ya nati, akakining'iniza kwa ile kamba aliyonipimia, akakigonga kwa spana. *Ko*. Akakigonga tena. Halafu akanigeukia.

"Ulikisikia hivi?"

"Sikusikia, mama."

Basi moja likapita, na hakuligeukia. "Labda kelele za njiani," akasema. Akakitupa nyuma kwenye bodi.

Fundi Sechonge alifuata gari na, hakukuwa na jinsi, akachomelea ile ya mabomba. Kwa hiyo mama akatangazwa. Kwa miaka kumi na moja pikapu ile ilinguruma kati ya Korogwe, Mkata na Handeni, imebeba mahindi, mihogo, vitanda, mara moja maharusi, na kila alipokaribia nyumbani watu walisema, "Mama Rehema huyo anakohoa." Mimi nilikuwa naisikia kabla ya watu wote. Jioni, nikiwa naosha vyombo, niliikamata ikiwa bado mbali sana, mikono ikatulia ndani ya maji, na ndipo niliposikia njaa. Chuma chenye ufa mama alikiweka jikoni badala ya figa lililovunjika. Nilikula ugali uliopikwa juu ya uongo wangu kutwa mara mbili mpaka nilipokwenda kusoma sekondari. Hakupata kunituma tena kuchagua chungu. Bibi alinituma, mama hapana.

Sasa nilikuwa nimechutama mbele yake, na mama amekuja kusimama mlangoni na ufagio. Nilikitoa majivuni, nikakishika kwa mkono mmoja, nikakigonga kwa mwiko. Tulisikia wote.

"Nilisikia, mama," nikasema. "Siku ile. Nilisikia."

"Najua. Sikio lako na langu yalifundishwa na mtu mmoja."

"Nilidhani unatuacha. Kiti kilikuwa kimoja."

Nilitegemea acheke. Nimekuwa nikiamini miaka yote kwamba nilikuwa mtoto niliyeelewa vibaya, na nilikuwa nimekwisha kuandaa kicheko changu kiendane na chake. Mama aliuegemeza ufagio ukutani, akaketi kwenye kibao cha jikoni, jambo analolifanya akiumwa tu.

"Kilikuwa kimoja kwa sababu nilikuwa naondoka peke yangu," alisema. "Hoza ningemrudia. Wewe ulikuwa mkubwa, ungebaki na baba yako na bibi. Nilikwisha kuamua." Akajikuna goti. "Halafu ukajitwika hicho. Mtoto huna hata shingo, umekataa kusaidiwa, kutu imekujaa machoni. Nikakufuata nyuma njia nzima. Jioni ile nikakata ile kamba ya kukupima."

Nilikasirika, niseme ukweli, nilikasirika kama mtoto wa miaka tisa, na wakati huohuo nilitaka kumshika miguu. Mguu wangu ulikuwa umeanza kutikisika. Nikatazama, na wa kwake pia.

"Ungeniambia," nikasema.

"Na wewe ungeniambia."

Nje baba alikohoa kwenye kigoda chake. Mama aliinuka, akapangusa mikono, akachukua kanga kuukuu kwenye kamba, akaikunja mviringo, akanikabidhi. "Chukua kitu chako," alisema. "Jumamosi wanabomoa."

Nilijitwika. Alinisindikiza kituoni, na tulipofika kwenye lami alinyoosha mikono anipokee. Nilimwambia aache, nitakibeba mwenyewe.